Uvutano wa Nchi na Ramani Zake: Namba Zipatanishwe Kwanza



Kila aendaye sokoni ajua ya kuwa debe na debe si sawa. Liko debe lililofutwa kwa kijiti, liko debe lenye kilele, na liko debe lililobonyea ubavu, ambalo kwa macho ni debe lakini tumbo lake ni dogo. Mtu akiandika katika daftari, "Nimenunua madebe kumi ya mtama," asieleze ni madebe ya namna gani, ameandika neno ambalo atakayelisoma kesho hataweza kulitegemea. Hesabu yake yaweza kuwa sahihi, maana kumi ni kumi. Lakini kipimo chake hakijulikani.

Nia ya mazungumzo haya ni kueleza habari za kipimo kisichotumika sokoni, nacho ni kipimo cha uvutano wa dunia. Wapima nchi na wachunguzi wa miamba huupima uvutano huo kituo kwa kituo juu ya ardhi, huandika namba zake, na kwa namba hizo huchorwa ramani. Nimechagua kusema juu ya nchi ya Mara, hasa wilaya za Tarime na Serengeti, kwa sababu mbili. Kwanza, nchi hiyo ina miinuko, magenge na mbuga tambarare, tena ina mawe ya namna nyingi, basi yafaa sana kwa mfano. Pili, ramani za namna hii zagusa mambo mawili makubwa katika maisha ya watu wa huko, yaani dhahabu na maji. Namba zikichanganywa pasipo kupatanishwa, ramani yaweza kuonyesha mwamba usiokuwako, au kusema kwamba maji yatateremka mahali ambapo hayatateremka.

UVUTANO WAPIMWAJE

Jiwe likiachiliwa kutoka mkononi huanguka, na kadiri linavyoanguka mwendo wake huzidi. Kuzidi huko kwa mwendo ndiko kunakopimwa. Kipimo chake huitwa gali, kwa heshima ya Galileo, yule mtaalamu wa Italia aliyechunguza habari za vitu viangukavyo. Karibu na ikweta, kwenye usawa wa bahari, uvutano ni kama gali 978. Kwenye ncha za dunia ni kama gali 983. Lakini wapimaji hutaka kujua tofauti ndogo mno, kwa hiyo gali moja hugawanywa mara elfu, na kila sehemu huitwa miligali.

Miligali moja ni kadiri gani? Chukua gunia la mahindi la kilo 90, ulitundike kwenye mizani ya kuning'iniza, ile yenye kamani ndani yake. Uvutano ukipungua kwa miligali moja, mizani hiyo ingeonyesha upungufu ulio sawa na theluthi moja ya punje ya mhindi. Ukilichukua gunia hilo kutoka ufukoni mwa Ziwa Viktoria, penye urefu wa mita 1,134 juu ya bahari, ukapanda nalo mita 400 katika nchi ya juu ya Tarime, gunia litapungua uzito kwa kadiri ya punje ishirini na zaidi, ingawa hakuna aliyeiba hata punje moja. Mizani ya vitanga viwili haitaonyesha neno hili, kwa sababu mawe ya kupimia nayo yamepungua vile vile.

Habari hii ilianza kujulikana zamani. Mwaka wa 1672 Mfaransa Jean Richer alisafiri mpaka Cayenne, katika Amerika ya Kusini, karibu na ikweta. Saa yake ya timazi, iliyokuwa ikienda sawasawa huko Paris, ilichelewa Cayenne kwa kadiri ya dakika mbili na nusu kila siku. Saa haikuharibika, timazi yake iliyumba polepole zaidi kwa kuwa uvutano wa Cayenne ni hafifu kuliko wa Paris. Tangu siku hizo timazi ikawa chombo cha kupimia uvutano.

Katika nchi zetu, Mjerumani Kohlschütter alipima kwa timazi mwaka wa 1899 na 1900, wakati bara la Tanzania lilipokuwa chini ya Wajerumani. Baadaye, mwaka wa 1933 na 1934, Mwingereza Bullard wa Chuo Kikuu cha Cambridge alipima katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, akitafuta kujua asili ya Bonde la Ufa. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, maana tofauti ya miligali moja huichelewesha timazi, kwa siku nzima, kwa muda usiofika hata sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Baada ya Vita Kuu ya Pili vikaenea vyombo vya kamani viitwavyo gravimeta, ambavyo mtu mmoja aweza kuvibeba na kupima vituo vingi kwa siku moja. Mwaka wa 1962 mabwana Masson Smith na Andrew walitangaza mtandao wa vituo vya msingi vya gravimeta katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, ili wapimaji wengine wapate mahali pa kuanzia.

Basi tazama: timazi za Wajerumani, timazi za Cambridge, gravimeta za namna mbalimbali, miaka mbalimbali, wapimaji mbalimbali, wengine wakitafuta elimu, wengine wakitafuta madini. Namba zao zote zaweza kukusanywa katika orodha moja. Lakini je, zote ni debe moja?

CHOMBO CHA KAMANI NA TABIA ZAKE

Gravimeta ina uzito mdogo uliotundikwa kwenye kamani laini sana. Uvutano ukizidi, kamani hunyooka kidogo, ukipungua, hujikunja. Lakini chombo hiki hakisemi, "Hapa uvutano ni miligali kadha wa kadha." Husema tu, "Hapa umezidi kuliko pale." Kwa hiyo mpimaji lazima aanze kwenye kituo cha msingi ambacho uvutano wake wajulikana, aende kwenye vituo vyake, kisha arudi pale pale alipoanzia.

Kurudi ni lazima kwa sababu mbili. Kwanza, kamani huchoka na kulegea kidogo kidogo, hasa ikitikiswa garini katika njia mbovu. Pili, mwezi na jua, ambavyo huvuta maji ya bahari yakapwa na kujaa, huuvuta na mwili wa dunia pia, na kwa saa chache uvutano wa mahali pamoja waweza kubadilika kwa sehemu mbili au tatu za kumi za miligali. Mpimaji akitoka Mugumu asubuhi na kurudi Mugumu jioni, akaona chombo chasoma tofauti na asubuhi, huondoa kwanza kazi ya mwezi na jua kwa hesabu, na tofauti iliyobaki huigawanya juu ya vituo vyote kwa kadiri ya saa alizovipima.

Hili ndilo jambo la kwanza atakalolitazama mtu apewaye orodha ya namba za zamani. Je, saa ya kila kituo imeandikwa? Je, mpimaji alirudi kwenye msingi? Kama hakurudi, namba zake za jioni hazina shahidi.

URUFU, LATITUDO NA UNENE WA NCHI

Namba ikishapatikana, haijawa tayari kuchorwa. Mtu wa Tarime na mtu wa mbuga ya Serengeti hawakusimama penye urefu mmoja, wala umbali mmoja kutoka ikweta. Tukizilinganisha namba zao kama zilivyo, tutakuwa tunalinganisha vilima, si miamba iliyo chini yake. Kwa hiyo hufanywa masahihisho.

La kwanza ni la latitudo, yaani umbali kutoka ikweta. Iko kanuni inayosema uvutano ungekuwa kiasi gani katika kila latitudo kama dunia ingekuwa laini na sawa pande zote. Kadiri ya kanuni hiyo hutolewa katika namba iliyopimwa.

La pili ni la urefu. Kila mita moja upandayo, uvutano hupungua kwa miligali 0.3086, kwa kuwa umekwenda mbali na kiini cha dunia.

La tatu ni la unene wa nchi iliyo kati yako na usawa wa bahari, maana mawe hayo nayo huvuta. Hukadiriwa kwa desturi kwamba kila sentimita ya mchemraba ya mawe ina uzito wa gramu 2.67, na kwa kadiri hiyo kila mita moja ya unene huongeza miligali 0.112 hivi. Sahihisho hili huitwa kwa jina la Bouguer, Mfaransa aliyepima katika milima ya Amerika ya Kusini kati ya mwaka wa 1735 na 1744. Hesabu hizi mbili za urefu na unene zikiwekwa pamoja, kila mita moja ya kupanda hupunguza uvutano kwa miligali 0.197, yaani karibu sehemu moja ya tano.

La nne ni la milima na mabonde yaliyo kando ya kituo. Kilima kilicho juu ya kituo huuvuta uzito wa chombo kuelekea juu, na bonde lililo chini yake ni mahali ambapo mawe yamekosekana. Yote mawili hupunguza uvutano. Kwenye mbuga sahihisho hili ni dogo. Kwenye magenge ni kubwa.

Sasa angalia jambo linalohusu nchi ya Mara hasa. Wilaya hizi ziko karibu na ikweta, kati ya digrii moja na digrii tatu za kusini. Hapo uvutano hubadilika kidogo mno kwa latitudo: mpimaji akikosea kilomita nzima kuelekea kaskazini au kusini, hesabu ya latitudo hukosea kwa sehemu chache tu za mia za miligali. Lakini akikosea urefu kwa mita kumi, hukosea miligali mbili nzima. Kwa hiyo mwenye kuchunguza namba za Tarime na Serengeti aulize kwanza juu ya urefu: ulipatikanaje? Wapimaji wengi wa zamani walitumia baromita, chombo kinachokisia urefu kwa uzito wa hewa. Na hewa hubadilika mvua ikikaribia, hata mtu akiwa amekaa mahali pamoja. Wengine walitumia mashine ya kupimia usawa, ambayo ni sahihi zaidi. Wengine wamesoma urefu katika ramani. Namba tatu za urefu zaweza kuandikwa kwa tarakimu zile zile na wino ule ule, nazo hazina nguvu moja.

NDOA ISIYOFAA KATI YA ZAMANI NA SASA

Neno ninalotaka kusema sasa limewakosesha wengi. Uvutano wa ulimwengu mzima ulikuwa ukipimwa kwa kulinganishwa na mahali pamoja, mji wa Potsdam katika Ujerumani, ambako Kühnen na Furtwängler walipima kwa timazi kati ya mwaka wa 1898 na 1904. Kila kituo cha msingi, hata cha Afrika, kilikuwa mtoto au mjukuu wa Potsdam. Lakini vyombo vipya vilipotokea ilionekana kwamba namba ya Potsdam ilikuwa imezidi kwa miligali 14 hivi. Kwa hiyo mwaka wa 1971 mataifa yalikubali mtandao mpya wa vituo vya msingi vya dunia, uitwao IGSN 71.

Kadhalika kanuni ya latitudo ilibadilishwa. Iko kanuni ya mwaka wa 1930, na iko ya mwaka wa 1967. Kwenye ikweta kanuni ya 1930 huzidi ile ya 1967 kwa miligali 17 hivi. Kanuni ya mwaka wa 1980 ilikuja baadaye, nayo haipishani na ya 1967 hata kwa miligali moja.

Mtu akitumia namba ya Potsdam pamoja na kanuni ya 1930, mazidio hayo mawili karibu hufutana, na jibu lake hupishana na jibu la mfumo mpya kwa miligali tatu tu. Lakini akichukua namba ya Potsdam akaioza kwa kanuni mpya, jibu huzidi kwa miligali 14. Na akichukua namba mpya akaioza kwa kanuni ya 1930, jibu hupungua kwa miligali 17. Namba zote ni halali, kanuni zote zilikuwa halali kwa wakati wake. Lililo haramu ni ile ndoa.

Miligali 14 ni kitu kikubwa? Fikiri. Katika Tarime na Serengeti iko mikanda ya miamba ya kale ya rangi ya kijani, na ndani ya miamba hiyo ndimo dhahabu ipatikanamo, kama watu wa Nyamongo wanavyojua, ambako mgodi wa North Mara ulianza kazi mwaka wa 2002. Miamba hiyo ni mizito kuliko matale, yaani granaiti, iliyoizunguka. Ikiwa kila sentimita ya mchemraba ya mwamba wa kijani huzidi ile ya matale kwa sehemu mbili za kumi za gramu, basi unene wa kilomita moja huongeza uvutano kwa miligali nane hivi. Kwa hiyo kosa la miligali 14 huonekana katika ramani kama mwamba mzito wenye unene wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Mwamba huo hauko. Umezaliwa mezani, kwa kalamu.

Hatari huzidi mpakani. Wilaya ya Tarime yapakana na Kenya. Wapimaji wa upande huu wakitumia mfumo mmoja, na wa upande ule mfumo mwingine, ramani ya pamoja itaonyesha ngazi inayofuata mstari wa mpaka. Na upande huo huo liko genge la kweli la Isuria, ambalo ni ufa wa kweli katika ardhi. Asiyechunguza aweza kuiona ngazi ya karatasi akaiita ufa. Au aweza kuuona ufa wa kweli akadhani ni kosa la karatasi, akaulainisha. Ya kwanza ni kuona kisichokuwako, ya pili ni kupofuka kwa kilichoko.

KITUO KILICHOPOTEA NJIA

Makosa mengine ni ya mahali. Mji wa Tarime uko digrii 1 dakika 21 kusini, na digrii 34 dakika 22 mashariki. Katika orodha za hesabu, kusini huonyeshwa kwa alama ya kutoa mbele ya namba. Mwandishi akiisahau alama hiyo ndogo, kituo cha Tarime huhamia kaskazini ya ikweta, kikaangukia Uganda, karibu na Kapchorwa, ubavuni mwa Mlima Elgon. Na kituo cha Mugumu huenda Karamoja. Makosa ya namna hii hugunduliwa upesi: weka vituo vyote juu ya ramani, kisha linganisha urefu ulioandikwa na urefu wa nchi pale kituo kilipoangukia.

Liko kosa la mahali lililojificha zaidi. Ramani za Tanzania za kipimo cha 1 kwa 50,000 zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960, lakini vyombo vya siku hizi visomavyo mahali kwa nyota za kutengenezwa, yaani GPS, hutumia msingi uitwao WGS 84. Kati ya misingi hiyo miwili, katika nchi zetu, mahali pamoja hupishana kwa mita 300 hivi kaskazini na kusini. Katika hesabu ya latitudo mita 300 si kitu. Lakini tuseme mtu achukua mahali kwa GPS, asibadilishe msingi, akasoma urefu katika ramani. Katika mbuga ya Serengeti huenda asikosee ila mita chache, kwa kuwa nchi ni tambarare. Kwenye genge la Isuria, mita 300 zaweza kumtoa chini ya genge zikampandisha ubavuni. Na akikosea urefu kwa mita 100, ramani yake itakosea kwa miligali 20. Kosa ni moja, msahaulifu ni mmoja, lakini hasara ya mahali pawili si sawa. Ndiyo maana haitoshi kusema orodha fulani ni nzuri au mbaya; yapasa kuuliza, nzuri kwa mahali gani?

MASHAHIDI WAULIZWE MMOJA MMOJA

Namba zikishaletwa kwenye mfumo mmoja, yabaki kuzijaribu. Njia inayotumika sana yafanana na desturi ya baraza. Shahidi mmoja hutolewa nje, na wale waliobaki huulizwa, "Kwa maoni yenu, yule angesema nini?" Kisha huitwa ndani, naye akaulizwa. Vivyo hivyo kituo kimoja huondolewa, uvutano wake hukadiriwa kwa vituo jirani, kisha kadirio hulinganishwa na namba iliyopimwa. Tofauti ikiwa ndogo, kituo hukubaliwa. Ikiwa kubwa mno, huwekwa kando.

Angalia nimesema huwekwa kando, sikusema hutupwa. Shahidi mmoja aweza kupingana na wengine kwa sababu ni mwongo, au kwa sababu yeye peke yake alikuwapo. Kituo kimoja kilichopimwa juu ya mkanda mwembamba wa mwamba wa kijani, kikizungukwa na vituo vya matale, kitaonekana kama mgeni kati ya majirani zake, nacho kimesema kweli. Kwa hiyo kabla ya kukikataa, mchunguzi hurudi kwenye daftari la safari. Akikuta urefu ulikisiwa, au tarakimu mbili zimebadilishana mahali, hukisahihisha au kukiondoa. Akikuta kila kitu kimeandikwa vema, hukiacha, na ikiwezekana huomba mahali pale papimwe tena.

Wala asihukumu kwa kulinganisha na sifuri. Baada ya masahihisho yote, uwanda wa juu wa Afrika ya Mashariki, pamoja na nchi ya kandokando ya Ziwa Viktoria, huonyesha upungufu wa kadiri ya miligali mia na zaidi. Bullard aliuona upungufu huu katika safari yake. Si kosa la chombo, bali ni tabia ya nchi: uwanda huu mrefu umebebwa na vitu vyepesi vilivyo chini yake. Anayetupa namba kwa sababu tu ziko chini mno atatupa nchi nzima.

Siku hizi wako mashahidi wengine walio angani. Vyombo vya GRACE vilirushwa mwaka wa 2002, na cha GOCE kilifanya kazi tangu 2009 hata 2013, vikipima uvutano wa dunia yote kutoka juu. Hivi huona mambo mapana tu, ya kilomita mia na zaidi; haviwezi kuona mkanda wa Nyamongo peke yake. Lakini orodha nzima ya wilaya ikizidi kwa miligali 14, vyaweza kuitambua, kama vile mtu aliye kilimani aonavyo kwamba shamba zima limepandwa mahali pasipo pake, ingawa haoni shina moja moja.

DHAHABU NA MAJI

Juu ya dhahabu nimekwisha kusema. Ramani ya uvutano haionyeshi dhahabu yenyewe. Yaonyesha miamba ambamo yaweza kuwamo. Ramani ya uongo huwapeleka wachimbaji kutoboa mashamba ya watu bure, au huwapitisha mbali na penye mali.

Juu ya maji, jambo ni hili. GPS hutoa urefu kutoka kwenye umbo la yai lililowekwa kwa hesabu, si kutoka kwenye usawa wa bahari. Umbo la hesabu halijui maji yaelekea wapi. Maji hufuata uvutano. Usawa wa bahari ulioendelezwa chini ya nchi kavu huitwa jeoidi, na hauwezi kujulikana vema pasipo vipimo vya uvutano. Mwaka wa 2009 Mtanzania Prosper Ulotu alitoa utafiti wake wa udaktari katika chuo cha KTH, Stockholm, Uswidi, juu ya jeoidi ya Tanzania. Na jina lenyewe la kazi yake lataja kwamba vipimo vya uvutano vilivyopo ni haba, na msongamano wake si sawa mahali pote. Ambapo namba ni haba, kila namba mbovu ina nguvu kubwa, kwa kuwa hakuna jirani wa kuipinga.

Tuseme eneo la upana wa kilomita 100 limekosewa kwa miligali 14, wala halikusahihishwa kwa njia nyingine. Katikati ya eneo hilo jeoidi itakosewa kwa nusu mita na zaidi. Mlimani nusu mita si kitu. Lakini katika bonde la Mto Mara, au katika mfereji uliokusudiwa kuteremka kidogo kidogo mpaka kijijini, nusu mita yaweza kuwa tofauti kati ya maji yaendayo na maji yasimamayo.

LILILO MIKONONI MWETU

Huenda msomaji akasema, "Mimi si mpimaji; haya yanihusu nini?" Yakuhusu. Vituo vya msingi hutiwa alama ya saruji au ya shaba, mara nyingi katika viwanja vya ndege, majengo ya serikali na mahali pengine panapojulikana. Alama hiyo ikivunjwa kwa ajili ya kupata kokoto, au ikifukiwa katika ujenzi, vituo vyote vilivyopimwa kutoka hapo hubaki kama watoto wasiojua baba yao. Mwenye kuona alama ya namna hiyo katika uwanja wa shule au kando ya njia asiing'oe. Na ikiwa ujenzi waja mahali hapo, ofisi ya ardhi ya wilaya iarifiwe kabla ya kazi kuanza.

Na kwa walimu wenzangu na wanafunzi, liko zoezi rahisi. Wanafunzi watatu wapime bustani ya shule, mmoja kwa hatua, mmoja kwa kamba, mmoja kwa futi kamba ya mita. Kila mmoja aandike jibu lake katika karatasi pasipo kutaja kipimo chake. Kisha karatasi zote zikusanywe, na mwanafunzi wa nne aambiwe achore ramani ya bustani. Hataweza. Ndipo warudi bustanini, walinganishe hatua na kamba kwa mita, wazibadilishe namba zote, na kuchora upya.

Mwisho, apimaye neno lolote, liwe uvutano, mvua, au mavuno, aandike mambo haya matano kando ya kila namba: mahali alipopima, siku na saa, chombo alichotumia, kipimo chake ni cha namna gani, na alianzia wapi. Atakayekuja baada ya miaka hamsini ataweza kuitumia namba hiyo, hata kama vipimo vya ulimwengu vimebadilika mara mbili tangu ilipoandikwa.